Tepe Mpya za Misale

Watu wa Karatu waliwaita masista wa ndani, wasije wakachanganywa na masista wa zahanati ambao unakutana nao sokoni wakichagua nyanya. Masista wa ndani hawakuchagua nyanya. Waliingia kwenye lango la monasteri yao, juu ya mashamba ya kahawa ya Oldeani, na hawakutoka tena. Walilima humo, walifuga nyuki humo, walioka hostia za parokia saba humo, na aliyekufa alizikwa humo humo, nyuma ya jiko, karibu na mizinga.

Padri Melkizedek alikuwa amewasalia Misa miaka kumi na miwili, na kati yao wote, ukiacha sista wa mlango, alikuwa ameona nyuso mbili tu. Hao aliingia kuwapaka mafuta ya wagonjwa, na wote wawili walikuwa wanakufa.

Kanisa lao lilikuwa na vyumba viwili vilivyokutana kwenye altare. Chumba cha kwanza kilikuwa cha watu wa nje, mabenchi manne na harufu ya nta. Cha pili kilikuwa cha masista, na kati ya hicho na altare palikuwa na nondo kutoka sakafuni hadi darini, na nyuma ya nondo pazia jeupe. Kwenye nondo palikatwa kidirisha cha ukubwa wa daftari. Wakati wa komunyo pazia la kidirisha lilisogezwa, viganja vikaja kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikapokea na kuondoka.

Alipoletwa pale kutoka Samunge, ambako alizoea kusali Misa chini ya mti huku mbwa na mbuzi wakipita katikati ya waumini, kuna Mkristo mmoja aliyemtania kwamba amepewa kondoo wasioonekana. Ilimuuma. Asubuhi ya kwanza alihubiri robo saa akitafuta uso wa kumwambia kama ameeleweka, akaona kitambaa tu. Alijiona kama mtu anayehutubia tangi la maji. Lakini alipomaliza aliimba "Tuombe", na nyuma ya pazia sauti ishirini zikanyamaza kwa pamoja, kimya kilichonyooka kama shuka iliyovutwa pembe zote nne. Hakuna mtoto aliyelia, hakuna aliyekohoa. Padri Melkizedek alisimama ndani ya kimya kile, akasikia, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, maneno aliyokuwa akiyasema mwenyewe. Tangu siku hiyo alimshukuru Mungu kwa kondoo wale.

Na sasa alikuwa na sababu nyingine ya kushukuru, ambayo hakumwambia mtu. Kanisa lile lilikuwa la kusikia. Padri asiyeona angeweza kudumu pale muda mrefu kabla mtu hajagundua.

*

Aliyejua ni dada yake, Ndeshi, mjane aliyetoka Kibosho kuja kumtunzia nyumba. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu kando ya lango, hatua arobaini na moja kutoka mlango wa sakristia, chumba cha kuvalia cha kanisa. Hatua hizo Padri alizihesabu kila alfajiri, mkono wa kushoto ukipapasa ua wa michongoma.

Daktari wa macho alimwambia ni presha ya macho, na kwamba kinachokwenda hakirudi. Dawa ya matone ingechelewesha tu. Kilichobaki kilikuwa tundu dogo mbele, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na hilo nalo lilikuwa likijaa ukungu. Kwa hiyo kila jioni Ndeshi, aliyeishia darasa la nne, alimsomea sala za kesho kwenye Misale ndogo ya waumini, kidole kikifuata mstari, na kaka yake akazikariri.

"Ee Mungu, uliye... uliyeta... Hapa pana doa la nta," alisema Ndeshi.

"Ruka doa."

"Siruki sala mimi. Uliyetakasa. Haya, endelea nalo."

Jumatano moja ya Juni, mwaka 1998, mvua kubwa zikiwa zimekwisha kula nusu ya barabara ya Oldeani, Ndeshi alifungua kijitabu chake, akakifunika tena.

"Kaka, Misa ya kesho haimo. Ya nadhiri haimo humu. Nimetafuta mbele na nyuma."

"Imo kwenye Misale kubwa ya altare."

"Basi ilete nikusomee."

"Sista Selestina wa mlangoni anasema iko ndani, wanairekebisha jalada." Padri alipapasa kikombe chake, akakipata. "Herufi zake ni nene. Nikishapata maneno mawili ya mwanzo, mengine yatakuja."

"Na Padri Silvanus atakuwa amesimama ubavuni mwako."

"Najua atakaposimama."

Silvanus alikuwa dekano, mkubwa wa mapadri wa eneo lile, na zamani alikuwa mwanafunzi wake seminari. Alikuwa mtu mwema, lakini mwema wa kufuata utaratibu. Akijua, angemwandikia Askofu, na Askofu angempeleka Melkizedek nyumba ya mapadri wazee mjini, mahali ambapo wazee kumi na wanne wanakaa barazani kwenye viti vya plastiki wakiuliza chakula kimefikia wapi. Huko asingekuwa na altare. Angekuwa mtu wa kusaliwa Misa. Padri Melkizedek hakuogopa giza kama alivyoogopa hicho kiti.

"Mwambie mwenyewe kabla hajaona," alisema Ndeshi.

"Baada ya nadhiri."

"Ulisema baada ya Pasaka."

Hodi ikawakatiza. Alikuwa Mama Hyasinta, mkulima wa Mbulumbulu, mama wa Naomi, mnovisi aliyekuwa bado mafunzoni, ambaye kesho yake angeweka nadhiri za kwanza. Viatu vyake alivishika mkononi kwa ajili ya tope. Alikataa kiti, kisha akakikubali.

"Nimemletea mtoto maziwa mgando kwenye kibuyu chake," alisema. "Nikaonyeshwa lile pipa la ukutani."

"Sanduku la kuzunguka," alisema Ndeshi. "Unaweka kitu, unazungusha, kinaingia ndani."

"Nikapiga hodi. Badala ya karibu, pipa likaniambia, Tumshukuru Mungu. Sasa mimi nilijibu nini? Nikasema, ni maziwa."

Ndeshi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Ndiyo salamu yao, Mama Naomi. Kila anayegonga, wanamshukuru Mungu kwanza, awe mgeni awe mwizi."

"Kwetu tunamtazama kwanza," alisema Hyasinta. Hakucheka. "Miaka mitatu nimekataa. Huyu ndiye binti niliyebaki naye. Safari hii nikasema basi, aweke nadhiri, kwa sababu sauti yake niliisikia ina furaha. Kesho nitasikiliza tena. Nikisikia vingine, nitajua la kufanya."

*

Misa ilianza saa tatu, ukungu ukiwa bado umelala kwenye kahawa. Padri Melkizedek aliingia na Silvanus nyuma yake. Kwenye altare aliweka mkono juu ya Misale, kama kawaida, kutafuta utepe. Tepe zilikuwa tano, za zamani, zimechakaa kama mikia ya ng'ombe, na ule wa Misa ya siku alikuwa ameupiga fundo kwa siri. Kidole kikipata fundo, kitabu kinafunguka mahali pake.

Hakukuwa na fundo. Hata tepe hazikuwa zile. Hizi zilikuwa nene, laini, mpya, na nyingine zilikuwa na shanga ndogo mwishoni. Mapambo ya sikukuu, alifikiri. Nyuma ya pazia walikuwa wamekwisha kumaliza wimbo wa Utukufu. Walikuwa wananyamaza, wanamsubiri.

Aliuvuta utepe mmoja, usio na kitu. Kitabu kilifunguka kwa urahisi, kama mlango uliozoea kufunguliwa. Aliinama, akaona kupitia bomba lake neno "Bwana", kisha "mtumishi wako", kisha nafasi ya kutaja jina. Hayo yalitosha. Ulimi wake, uliokuwa umezika watu kwa miaka arobaini, ulishika njia kama punda anayerudi nyumbani.

"Ee Bwana, umpokee kwa huruma mtumishi wako Naomi, uliyemtoa leo katika dunia hii, umwepushe na giza la kaburi, umjalie pumziko la milele..."

Alikwisha kufika mwisho ndipo masikio yake yakamwambia alichosema.

"Amina," walijibu masista ishirini, kwa mazoea.

Kwenye benchi la kwanza mtu alisimama. Hyasinta aliuliza kwa Kiswahili cha polepole, kama anayeuliza njia:

"Nani amekufa?"

Silvanus alimsogelea mwalimu wake, akanong'ona, "Mwalimu, hii ni ya marehemu." Akafunua kurasa, akaweka kidole. "Hapa."

Padri Melkizedek alitazama pale. Aliona kidole. Pembeni mwa kidole palikuwa na ukungu, ule ule unaomwagika kutoka ukingo wa kreta ya volkeno asubuhi za baridi. Alisubiri upite. Kanisa zima lilisubiri pamoja naye, na kimya kile alichokipenda kwa miaka kumi na miwili sasa kilimkaa shingoni.

"Soma wewe," alisema.

Silvanus alisoma sala, akasoma na nyingine zote. Naomi aliweka nadhiri zake nyuma ya pazia, sauti ikimtetemeka. Lakini mama yake hakuisikia. Mlango wa nje ulikuwa umekwisha kufungwa, taratibu, bila kishindo.

*

"Tangu lini?" aliuliza Silvanus sakristia.

"Kwaresima ya mwaka juzi."

"Na ukanyamaza."

"Wewe ulivunja mizani ya maabara ukanyamaza muhula mzima."

"Nilikuwa na miaka kumi na saba, Mwalimu." Silvanus alikunja stola yake ya shingoni, akaikunjua, akaikunja tena. "Itabidi nimwandikie Askofu. Unajua."

Hapo Sista Selestina akaingia. Huyu alikuwa sista wa mlango, pekee aliyeruhusiwa kukaa upande wa nje, mnene, mwenye aibu. Alisema Mama Mkuu anawaita wote wawili chumba cha maongezi, na alipolisema hilo alikuwa analia.

Chumba cha maongezi nacho kilikuwa na nondo zake. Nyuma ya nondo na pazia aliketi Mama Veronika, ambaye sauti yake ilikuwa kavu kama kuni.

"Padri, tepe hazikukufaa?"

"Ni nzuri, Mama. Zile za zamani nilikuwa nimezizoea."

"Shanga moja ni Misa ya siku. Shanga mbili ni sala ya Ekaristi. Tatu ni Misa ya pekee, kama ya leo. Marehemu hatukuweka kitu. Tulizishona usiku tatu, kwa ajili ya vidole vyako."

Padri Melkizedek aligeukia ile sauti. "Mlikuwa mnajua."

"Sisi kazi yetu ni kusikiliza. Tangu mwaka jana tunasikia unageuza ukurasa kabla sala haijafika chini."

"Mbona hamkuniambia?"

"Mbona wewe hukutuambia?"

Sista Selestina alipenga kamasi. "Mimi ndiye niliyetumwa kukueleza shanga, Padri. Tangu juzi nimeshika kitasa cha mlango wako mara tatu. Nimwambie padri wangu kwamba haoni? Kwa kinywa kipi? Nikarudi. Nikasema atazigundua mwenyewe."

Basi ikawa hivyo. Yeye alificha kwa aibu, wao walificha kwa heshima, na kati ya aibu na heshima binti wa watu akaombewa kaburi. Padri Melkizedek alijisikia akitaka kucheka na kulia, akaminya ukingo wa meza.

Silvanus alikohoa. "Mama Mkuu, nawashukuru kwa huruma yenu. Lakini tuseme ukweli. Hawezi tena kusali Misa peke yake."

"Nani amekuambia anasali peke yake?" aliuliza Mama Veronika.

Silvanus alitazama dirishani. Akasema ukungu umefunga barabara hata hivyo, atalala, na kesho atakaa benchi la nyuma asikilize. Baada ya hapo ataandika atakachoandika.

*

Hyasinta alikuwa ameketi kwenye jiwe nje ya lango, kikapu magotini. Ndeshi alimsimamia kichwani kwa maneno.

"Mama Naomi, gari halipo leo. Ukigoma, goma ukiwa umekula."

"Sizungumzi na kuta, dada. Nimeitwa chumba cha maongezi nikakataa."

Padri Melkizedek alikuja akipapasa michongoma. Alisikia pumzi ya mama yule, akasimama mbele yake, akavua kofia.

"Mama, aliyemtaja mwanao na marehemu ni mimi. Siyo Mungu, wala siyo masista. Kosa ni langu."

"Ishirini walijibu amina."

"Wamezoea kuniamini. Mimi sioni, mama. Nilikuwa naficha nisinyang'anywe altare. Nilishika utepe usio wake."

Hyasinta aliweka kikapu chini. "Vidole hivi ni vingapi?"

"Sijui kama umenyoosha mkono."

"Sijaunyoosha," alisema, na kitu katika sauti yake kililegea kidogo, halafu kikakaza tena. "Sikiliza, Padri. Kwetu zamani nyumba iliyopata kifo ilitengwa. Hamchoti maji na wenzenu, hamli nao. Lakini siku zile zina mwisho. Zikiisha mnaoga, mnarudi kula na watu. Ninyi mnatenga mtu, hamumrudishi. Hilo nililikubali, lilinichukua miaka mitatu kulimeza. Leo mkaniongezea na kaburi. Sasa nirudi Mbulumbulu niseme nimemwacha wapi? Nijue vipi kama humo ndani ni mzima?"

Padri alitafuta neno la kitabuni. Yalikuja mengi, yote yakiwa yamekaririwa.

"Sina jibu," alisema. "Njoo Misa ya kesho. Ukitaka, mimi na wewe tutasikiliza pamoja. Na mimi simwoni."

Ndeshi alikwishachukua kikapu. Hyasinta alilala kitandani kwa Ndeshi, mwenyewe akalala chini, akilalamika kwamba Wairaqw, watu wa kabila la mgeni wake, wanakoroma kwa zamu.

*

Ijumaa asubuhi Padri Melkizedek alichagua Misa ya shukrani. Alipapasa tepe. Shanga tatu. Kitabu kikafunguka, naye hakujaribu kuinama. Aliinua mikono, akaimba, "Tuombe," akasubiri.

Nyuma ya pazia, karibu kabisa na nondo, sauti moja changa, ikisoma kwenye kitabu chao cha ndani, ikasema kwa chini, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia gizani: "Ee Mungu, mtoaji wa mema yote..."

"Ee Mungu, mtoaji wa mema yote," alisema Padri Melkizedek.

"Tunakushukuru kwa ajili ya..." Sauti ikasita. Pale kitabuni palikuwa na nafasi ya jina, na msomaji hakujua ajitaje vipi.

Miaka yote Padri ndiye aliyetangulia na watu wakamfuata. Sasa alikuwa ametanguliwa, na hakuona uzito wake. Aliona wepesi, kama mzee aliyenyang'anywa mzigo na mjukuu. Akaijaza nafasi mwenyewe, kwa sauti ya kufika benchi la kwanza.

"Tunakushukuru kwa ajili ya mtumishi wako Naomi, aliye hai."

Neno hilo halikuwamo kitabuni. Silvanus, benchi la nyuma, alilisikia, akaliacha lilivyo.

Sauti changa ikavuta pumzi, ikaendelea, naye akaifuata mstari kwa mstari mpaka mwisho. Masista wakajibu amina. Baada yao, peke yake, amechelewa, Hyasinta akajibu ya kwake.

Baada ya Misa Ndeshi alimmiminia dekano chai ya maziwa, akasimama na birika mkononi bila kuondoka.

"Utaandika nini, Padri?"

"Nitaandika kwamba hapa wanahitaji padri anayejua kusikiliza," alisema Silvanus. "Na kwamba nimetafuta mwingine, sina." Akapuliza chai. "Nitarudi Kwaresima kumsikiliza tena. Na aniambie mwenyewe safari hii, nisigundue altareni."

"Kunywa chai," alisema Ndeshi, na akamwongezea andazi.

Padri Melkizedek alimsindikiza Hyasinta kuchukua kibuyu chake. Mama yule alisimama mbele ya sanduku la kuzunguka kama anayepima ng'ombe wa kununua. Akagonga. Ndani mbao zikalia, sanduku likazunguka polepole, kibuyu kikatokea, kitupu.

Alikichukua. Akatoa kizibo, akanusa ndani. Padri alimsikia akinusa tena, kwa muda mrefu.

"Nusa, Padri."

Alimwekea kibuyu chini ya pua. Kilikuwa kimeoshwa, na ndani kilinuka moshi mtamu, moshi wa kijinga cha moto.

"Mzeituni-pori," alisema Hyasinta. "Kibuyu cha maziwa ukishakiosha unakisugua kwa kijinga chake, maziwa yasiharibike. Ndivyo nilivyomfundisha. Kuna mwingine humo ndani anayejua hivyo?"

"Wengine wote wametoka mbali, mama. Maziwa wanaweka kwenye ndoo."

Hyasinta alirudisha kizibo, akakibana kibuyu kwapani. Alikuwa amekwisha kugeuka kuondoka, sanduku lilipoanza kufungwa, ndipo kutoka ndani ikatoka ile salamu yao, kwa sauti changa ambayo Padri Melkizedek alikuwa ameifuata asubuhi ile neno kwa neno.

"Tumshukuru Mungu."

Hyasinta alirudi hatua mbili, akaweka kiganja juu ya mbao.

"Tumshukuru Mungu, mwanangu," alisema. "Kibuyu nitakileta tena baada ya mavuno."